Picha ya Darasa la Kwanza

Picha ilikuwa ndani ya blauzi, imemganda kifuani kwa jasho. Binti aliibandua ukutani asubuhi ile, ingawa baba yake alimkataza.

"Iache hapo hapo ilipo," mzee alimwambia juzi kupitia nondo za mahabusu. "Hakimu huyu ataniachia."

"Umejuaje, baba?"

"Nimejua tu. Wewe ukiitwa, sema machache, ukae."

Alisema huku akitabasamu, na tabasamu hilo lilimtisha binti kuliko kikohozi chake. Alidhani mahabusu imeanza kumvuruga akili. Wiki mbili tu ndani, na pumu ilishamfanya ashindwe kumaliza sentensi. Jumatatu mzee mwingine wa chumba kile kile alitolewa amefunikwa shuka.

Baba yake alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Walisema alipokea rushwa, akasaini kuwa amepokea dawa ambazo hazikufika. Hilo lingesubiri kesi. Leo ilikuwa dhamana, na dhamana ilitegemea umri: mshtakiwa aliyetimiza miaka sabini hungojea kesi yake nyumbani. Mzee alikuwa na sabini na moja. Makaratasi ya kazi yalisema hamsini na tisa. Aliipunguza miaka siku ya kuajiriwa, kama walivyofanya wengi, ili achelewe kustaafu. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye alikuwa chini kabisa.

Hakimu aliketi ameegemeza kichwa kwenye kiganja cha kushoto, kama alivyokaa siku ya kwanza. Nywele zake zilikuwa nyeusi tii. Mapema, nje kwenye benchi, karani alikuwa akimsifu: bado mwaka mmoja tu afike sitini na kustaafu, na mgongo haujapinda.

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka alisema, "kwa mujibu wa nyaraka, huyu hata sitini hajafika."

"Mahakama ina macho," hakimu akajibu kwa upole. "Nani anaufahamu umri wake?"

Binti alisimama. "Mimi, mheshimiwa. Ni baba yangu. Ana sabini na moja."

"Kiapo cha mtoto kina uzito wake," hakimu alisema, akachukua kalamu.

"Mheshimiwa, huyu hakuwapo baba yake alipozaliwa," mwendesha mashtaka akadakia.

Watu walicheka. Kalamu ilisimama hewani, na binti akaiona ile shuka. Aliona kabisa nyayo za baba yake zikichungulia chini yake. Mkono ukaingia kwenye blauzi wenyewe.

"Ninao ushahidi."

Kizimbani, mzee alitikisa kichwa. "Mwanangu," alisema kwa pumzi iliyokatika, "kaa."

Hakukaa. Hofu ilimfungua mdomo, akaeleza mfululizo. Hii ni picha ya darasa la kwanza, na mwaka umeandikwa kwenye kibao walichoshika watoto wa mbele. Baba ni huyu mwenye kaptura iliyochanika. Na huyu aliyemshika bega ni mwenzake wa dawati, yule ambaye mbwa wa mwalimu alimnyofoa ncha ya sikio siku walipoiba mapera.

"Huyo akipatikana, mheshimiwa, ataapa. Hawakupishana hata mwezi."

Karani alipeleka picha juu. Hakimu aliipokea kwa mkono mmoja, akaitazama kwa muda mrefu. Mwendesha mashtaka aliomba naye aione. Hakupewa.

"Picha hii haithibitishi chochote," hakimu alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Dhamana imekataliwa. Mshtakiwa arudishwe mahabusu."

Mzee hakubisha. Alimtazama hakimu, kisha binti yake, halafu akafumba macho. Askari alimshika kwapa kumteremsha.

Binti alisogea mbele akilia, akiomba arudishiwe walau picha. Hakimu hakumsikia, au alijifanya hasikii. Alikuwa akiikunja mara nne ili iingie mfukoni mwa joho, na kazi hiyo ilihitaji mikono miwili. Kiganja kilipotoka kichwani, binti aliliona sikio la kushoto. Halikuwa na ncha.