Mazoezi ya Farao

"Farao si jina la mtu, ni cheo," mchungaji aliwaeleza waigizaji kanisani Kitengela. "Igiza mtu aliyezoea kutiiwa."

Farao alikuwa mumewe Nasike. Nasike mwenyewe aliigiza Musa, ndevu za pamba zikimwasha kidevuni. Wiki nzima alikuwa amemwomba mumewe awape ruhusa, yeye na watoto, waende Bungoma kumwona mamake mgonjwa.

"Waache watu wangu waende," alisema.

Mumewe alimkazia macho. "Hakuna mtu anaenda mahali."

Waigizaji walipiga makofi.

Nasike alizibandua ndevu polepole. Akaenda walipopangwa Waisraeli, akawashika watoto wake wawili mikono, akaelekea mlangoni.

"Mama, mazoezi imeisha?" mdogo aliuliza.

"Imeisha."