Nyani Mshika Jiwe

Sogea hapa, hii hakuna anayeijua kunishinda. Zamani barafu ya mlimani iliteremka na jiwe kubwa kama nyumba, ikayeyuka, ikaliacha juu ya jiwe dogo, limeinama kama litaanguka sasa hivi. Chini yake Pimbi akalea wanawe.

Siku moja Nyani akaja, akaliegemea kwa mgongo.

"Mama Pimbi, bila mimi mngekuwa mmepondwa! Leta makuyu, la sivyo naachia."

Pimbi akaogopa, akatoa chakula chote. Wanawe wakalala njaa, naye Nyani akala, usiku akanyemelea kuyaficha makuyu yaliyobaki pangoni kwake, Pimbi akimchungulia.

Kesho yake Nyani akiwa ameliegemea tena, Pimbi akamuuliza, "Shemeji, huwezi kuachia hata kidogo?"

"Hata nikiwashwa sijikuni!"

"Vizuri. Wanangu, twendeni pangoni kwa shemeji tukale. Hawezi kutufuata."

Nyani akachomoka mbio. "Makuyu yangu!"

Jiwe halikutikisika. Watoto wa Pimbi wakacheka mpaka wakagaagaa.

Nyani akageuka, akalitazama, akakohoa kidogo. "Mnaona? Nimelifundisha kusimama."

"Hongera, mwalimu," Pimbi akasema. "Limehitimu. Shule imefungwa, na makuyu tunayachukua."