Kigelegele cha Mwisho

Nakutegea: kikiwa mdomoni hakina uzito, kikitoka kinajaza mtaa mzima. Umeshindwa? Nipe mji. Haya, ni kigelegele.

Siku hizi kila koo limefungwa kidude, na sheria inaruhusu kelele tatu tu kwa mwaka. Ya nne haitoki. Mimi mbili nilishawapa Nyuki, timu yangu tangu usichana. Binti yangu Saumu, mimba ya mjukuu wangu wa kwanza ikiwa ya miezi minane, akaniuliza, "Mama, cha mwisho umemwekea nani?"

Nikajitia kutafuta miwani.

Uchungu ukamshika siku ya fainali. Nikangoja nje ya chumba cha kuzalia, redio sikioni, mara nimesimama, mara nimekaa. Mkunga akapita akininong'oneza, "Bibi, anayezaa ni wewe au yeye?" Nikajaza kanga mdomoni. Nyuki hawajachukua kombe miaka kumi na tisa, mwenzangu!

Dakika ya themanini na nane, mtangazaji akasema, "Bao!" Kanga ikadondoka. Kigelegele kikatoka chenyewe.

Baadaye kidogo mtoto akalia. Wachanga hawajafungwa kidude bado.

Nilipoingia, Saumu alikuwa amempakata, ananitazama mdomoni. Wazazi wa vitanda vya jirani nao wakasubiri. Nikafumbua kinywa, ikatoka pumzi tu.

"Nilikisikia, mama, kabla hajazaliwa," akasema. "Kumbe ulimwekea nani?"

"Nyuki, mwanangu," nikanong'ona. "Na refa kasema walikuwa wameotea."