Mashuka Kumi na Tisa

Jumapili, tarehe 6 Machi 2061. Asubuhi kulikuwa na manyunyu. Baada ya ibada, wapangaji tulikusanyika mbele ya ubao unaoonyesha maji ya kila nyumba na kazi yaliyofanya, kwa kuwa siku hizi bili haina siri. Aliyezidisha husimama akajieleza, kisha huahidi kupunguza.

Nyumba yetu iliandikwa kwa rangi nyekundu: "Kufua mashuka, mara kumi na tisa."

"Mama Prisca, umefungua kazi ya udobi?" aliuliza Mkude, msimamizi wetu. Watu wakacheka.

Nilimwomba Mungu anipe uongo mdogo tu. Hakunipa.

"Mume wangu anaumwa," nikasema. "Kitanda kinalowa kila usiku."

Kicheko kikakatika. Mume wangu Anatoli, aliyewafundisha wengi wao kusoma, akainuka kwa kushika ukuta.

"Pole, mwalimu," Mkude akasema huku akitazama chini. "Lakini ubao unataka ahadi ya sauti."

Anatoli akavua kofia.

"Majirani zangu, nisameheni. Naahidi mbele yenu, kuanzia leo, ikishafika adhuhuri sitakunywa maji tena."