Kalibu ya Tunu
Mgeni aliingia bila hodi, akauweka mezani mguu wake wenye vidole viwili tu.

“Fundi, mashine ya viatu dukani imenipima mara tatu, kisha ikaniambia nilete mguu.”

Mbwera alicheka, mara ya kwanza tangu mkewe Tunu afariki. “Njoo Ijumaa ya pili, dada. Utavaa buti.”

Mgeni alipoondoka ndipo Mbwera alipokumbuka. Buti hushonwa juu ya kalibu ya mti, na kukata mti ni marufuku. Kalibu zake zote alikwisha kuzichonga upya kwa ajili ya wateja, isipokuwa moja yenye umbo la mguu wa Tunu.

Aliishika, akapapasa kile kinundu cha kidole gumba, akaanza kuchonga.

Ijumaa hiyo mgeni alivaa, akatembea hadi mlangoni. “Buti haibani popote.”

Mbwera aliitikia kwa kichwa, mkono juu ya kopo alimoyahifadhi maranda ya kalibu ile.