Dakika ya Kamera

Saa mbili asubuhi, kioo alichokiweka Daktari Murdo chini ya pua ya mtoto hakikupata mvuke.

“Rory amefariki, mama,” alisema.

“Anapumua! Kioo chako kina macho kunizidi mimi?” Isobel alimjibu. “Mwanangu hazikwi.”

Daktari alitega kamera yake kando ya kitanda. Ilihitaji dakika nzima kupiga picha, na chochote kilichotikisika kilitoka kimevurugika. Alimwambia Isobel amshike mwanawe mkono, akafungua lenzi.

Alasiri alimletea picha. Mkono wa Isobel ulikuwa umevurugika hadi kiwiko. Shuka kifuani pa Rory ilionekana uzi kwa uzi.

“Hakupumua hata mara moja?” Isobel aliuliza.

“Hata mara moja.”

Isobel alivuta shuka, akamfunika mwanawe uso.