Koti la Bwana Morel

Beseni zima la maji ya sabuni lilimmwagikia mchoraji, Bwana Morel, kifuani, kwa bahati mbaya iliyopangwa tangu asubuhi.

"Masalale, mikono yangu hii!" alilia Zelie, akijitahidi kusikitika. "Vua koti, bwana, nilikaushe jikoni."

"Litakauka lenyewe."

"Utakufa kwa kichomi," alisema Madamu Pulcherie, mwenye danguro. "Nami sitaki maiti humu. Wateja hununa."

Mchoraji alisitasita, akaingia nyuma ya pazia, akalirusha koti juu ya pazia hilo. Mwenyewe hakutoka.

Kwa miezi miwili sasa alikuwa akija kila asubuhi, akilipa kama mteja, bila kumgusa mtu. Aliwachora wasichana wakichana nywele, wakijikuna migongo, wakipiga miayo. Jiko liwake lisiwake, koti halitoki mwilini. Jana Zelie alipohangaika na kamba za vazi la kubana kiuno, Morel alimfungia mgongoni, chapuchapu, bila hata kutazama.

"Huyo kafunga wengi," Madamu alicheka. "Ana wake kumi."

Zelie hakucheka. Wenzake wote walikuwa na kadi za polisi za kufanyia kazi ile. Yeye hakuwa nayo. Akikamatwa, ni gerezani, na binti yake wa miaka mitatu atapelekwa kwa masista asimwone tena. Mtu anayelipa ili atazame tu, alijiambia, ni kachero, na michoro yake ni ushahidi.

Sasa alipekua mifuko ya koti. Kipande cha mkaa. Mkate mkavu wa kufutia michoro. Kisha karatasi iliyokunjwa mara nne.

Hakujua kusoma, lakini muhuri ule aliujua. Ulikuwa kwenye kadi ya kila mwenzake.

"Si nilisema, Madamu? Polisi!" alinong'ona, mguu mmoja tayari ndani ya kiatu. "Mimi natokea mlango wa nyuma."

"Hebu tulia, mtoto we. Lete hapa."

Madamu alivaa miwani. Alisoma, akalitazama pazia, akasoma tena, safari hii kwa sauti ya chini:

"'Polisi wa Paris wanamruhusu Bibi Adelaide Morel, mjane, kuvaa suruali hadharani kwa muda wa miezi sita.'"

Zelie alivua kiatu. Akachukua gauni lake kavu, akalitundika juu ya pazia.